Kijiji Kisichojua Hodi

Ujumbe ulinikuta nimekalia kigoda nje ya jikoni yangu hapa Kitale, nikichambua maharagwe, na mdogo wangu Nasimiyu, aliyekuwa amenitembelea kutoka Kimilili, akinisaidia kwa mkono mmoja huku ule mwingine umeshika kikombe cha chai. Simu ikatetemeka ndani ya leso. Niliusoma ujumbe na kuurudia, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kwenda polepole. Ulitoka kwa Marioni, mwanamke tuliyekuwa majirani zamani kule Uingereza. Alisema Mzee Jefri amefariki, kwamba aliugua kwa muda na hakuteseka sana, kwamba watamzika Alhamisi katika kanisa lilelile, na kwamba nikipenda atanipigia simu saa hiyo ili nisikie kengele.

"Ni nani?" Nasimiyu akauliza.

"Jefri. Yule wa kengele."

"Yule wa sukuma ya kondoo?" Akacheka kabla hajajizuia, kisha akajiziba mdomo. "Woi, pole dada. Si nilidhani alikufa kitambo." Na kwa vile Nasimiyu hawezi kukaa na huzuni bila kuitia chumvi, akaongeza, "Lakini wewe uliogopa kule, bana. Ulirudi hapa ukatuambia ati uliogopa hata kimya."

Ni kweli, niliogopa. Nina tabia ya kuandika vitu vidogo vidogo kwenye daftari tangu usichana wangu, ingawa shule yangu iliishia darasa la nane, lakini mwaka huo sijawahi kuuandika nikaridhika. Nikiandika kwamba watu wa kijiji kile walikuwa baridi, namkumbuka aliyeniletea soksi za sufu bila kuambiwa kwamba miguu yangu inauma. Nikiandika kwamba walikuwa wema, nakumbuka nilivyokaa dirishani mchana kutwa nikingoja mtu mmoja tu apite aniangalie usoni. Yote mawili ni kweli na sijui lipi litangulie. Jina la kijiji sitalitaja, maana walioko huko hawakuniomba niwaandike. Acha nianze na woga, kwa sababu ndio ulionipokea.

Nilienda kule na Mama Hesta. Alikuwa mzungu aliyezaliwa kwenye shamba nje ya Kitale, akabebwa mgongoni na yaya wa Kibukusu aliyeitwa Nambuye, akaolewa hapahapa, akawa mjane hapahapa. Nilipoanza kumfanyia kazi tayari alikuwa mzee wa kushikwa mkono, na ameanza kusahau. Maisha yake yote alikiita kile kijiji "nyumbani", ingawa alikiona alipokuwa mtoto tu, wakati wa likizo. Mpwa wake, aliyekuwa akiishi mjini mbali na pale lakini akiitunza nyumba ya ukoo, aliona heri mama arudishwe kwao. Na kwa kuwa Mama Hesta hakuweza kupata usingizi bila kunisikia nikikohoa chumba cha pili, nilitafutiwa karatasi za kwenda naye kwa mwaka mmoja. Watu wa Kitale waliniambia nina bahati, na mimi nikasema nina bahati. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Nyumba ilikuwa ya mawe ya rangi ya asali, ya zamani sana, mlango wake mfupi hata mimi niliinama. Ndani kulikuwa na giza la aina yake, giza la mchana, kwa sababu madirisha yalikuwa madogo na kuta nene kama za jela. Jikoni kulikuwa na jiko kubwa la chuma la kutia makaa ya mawe, na hapo ndipo tulipoishi, mimi na yeye, kila mmoja na kiti chake. Ngazi za kwenda juu zilikuwa za kusimama wima, na nilipompandisha nilikuwa nyuma yake, mikono wazi, nikisali. Chumba changu kilikuwa na kitanda kizuri, blanketi nzito, na dirisha moja. Nilipofungua pazia asubuhi ya kwanza nikaona makaburi. Hayakuwa mbali. Yalianza palepale chini ya dirisha, mawe yameinama huku na huku kama meno ya mzee, mpaka kwenye ukuta wa kanisa. Kwetu maiti huzikwa kwake, na watu wake, na unajua ni nani aliyelala pale karibu na migomba. Mimi nililala na wafu nisiojua hata mmoja wao aliitwaje. Jumamosi ya kwanza nikamwona mwanamume amekalia jiwe la kaburi akila mkate, mbwa wake akimtazama. Nilifunga pazia na sikulifungua tena upande ule mpaka baridi ilipokwisha.

Na barabara ya kijiji, ile moja tu, ilikuwa tupu. Nyumba nzuri, maua, magari yamesafishwa, moshi unatoka kwenye mabomba, na hakuna mtu. Mahali petu mtaa ukinyamaza hivyo mchana, ujue kuna jambo: ama askari wamepita, ama jeneza liko njiani. Nilimuuliza Mama Hesta kama kuna kafyu. Akasema, "Watu wapo ndani, Yaya." Alikuwa ameanza kuniita Yaya. Sikumkatalia.

Siku ya pili nilienda kuwasalimu majirani, maana nilikuwa mdogo kwao wote na sikutaka waseme nimekuja na kiburi. Nikasimama kwenye geti la kwanza nikaita, "Hodi!" Pazia likatikisika. Hakuna aliyetoka. Geti la pili vilevile. Geti la tatu alitoka mwanamke wa makamo mwenye glavu za udongo, nywele zimefungwa kitambaa. Ndiye Marioni.

"Umepotea?" akaniuliza.

"Hapana. Nimekuja kukusalimu."

"Kuna shida yoyote?"

"Hapana, hakuna shida."

Tukatazamana. Mimi nilikuwa nangoja aseme karibu, na yeye, nadhani, alikuwa anangoja niseme kilichonileta. Mwishoni akasema lazima nije kunywa chai, nikainua mguu kuingia, akasema, "Jumatano ijayo?" Sikujua kwamba chai inaweza kupangiwa wiki. Nilirudi nyumbani nikaketi mbele ya jiko, nikajiambia: siku mzee huyu akianguka, utaita nani? Hilo ndilo lilikuwa swali langu mwaka mzima. Kwetu ukipiga nduru mtaa mzima uko mlangoni kabla hujavuta pumzi ya pili, hata wale mliogombana. Hapa nikipiga nduru, itakuja nani? Lakini nisimwonee Marioni. Jumatano alikuwa amepika keki, ameandaa vikombe vyenye maua ya dhahabu, na alikuwa ameuliza mahali ili ajue kama watu wa kwetu hunywa maziwa.

Mama Hesta alikuwa akipoteza Kiingereza. Kilimtoka kidogo kidogo, kama mchele kwenye gunia lililotoboka, na kilichobaki chini kilikuwa Kiswahili cha jikoni alichofunzwa na Nambuye, pamoja na maneno ya Kibukusu ambayo hata mimi niliyasikia kwa bibi yangu tu. Mpwa wake alipopiga simu alimjibu, "Sawasawa, kesho," akaniachia simu. Alitazama kilima kilichokuwa nyuma ya kijiji, kilima cha nyasi tu, akasema Elgon imekonda. Nesi wa kumpima presha alikuja kila wiki, binti mchangamfu anayeingia huku anaongea, na kila alipoingia Mama Hesta alifumba macho na kukaza mkono wake asipimwe. Nilimuuliza kwa nini. Akanikazia macho kama mtoto anayejua yuko kwenye haki. "Mtu hapigi hodi ni mwizi ama askari. Wewe mwenyewe uliniambia, Yaya." Basi nikamfunza nesi. Wiki iliyofuata akasimama nje ya mlango wa jikoni na mkoba wake, akasema, "Hodi," kwa aibu kidogo. Mama Hesta akafungua macho. "Karibu, mama, karibu," akatoa mkono mwenyewe. Nesi akacheka akasema hakuna dawa aliyowahi kuona ikifanya kazi haraka hivyo.

Chakula kilinitia huzuni, lakini hilo halikuwa kosa la mtu. Viazi, supu ya mkebe, nyama baridi ya pinki, mkate uliochomwa halafu ukaachwa upoe makusudi kwenye kichanja chake. Nilipata unga wa mahindi wa manjano kwenye duka la mji wa karibu, nikasonga ugali, Mama Hesta akaula kwa vidole, kimya, mpaka sufuria ikabaki ukoko. Kilichokosekana ni mboga. Halafu siku moja, nikitembea naye kwenye zile njia zao za mashambani, nikaona shamba zima la sukuma wiki. Njia zenyewe zilinitisha. Zinakatiza katikati ya shamba la mtu, unapanda kijingazi juu ya ukuta wa mawe, unashukia kwa ng'ombe wake. Kwetu ukikatiza hivyo bila ruhusa utaulizwa kwenu ni wapi. Marioni alinihakikishia kwamba njia ni za kila mtu tangu zamani, lakini kila nilipokanyaga nilitazama nyuma. Na sasa hapa sukuma, kubwa, mbichi, hakuna anayeichuma. Nikachuma ya kujaza mkono mmoja, haraka. Mzee mmoja mrefu mwenye kofia akatokea kwenye kibanda cha bati kilichokuwa pembeni.

"Unafanya nini, binti?"

"Nachuma mboga. Nitakulipa."

"Mboga? Hiyo ni ya kondoo."

Mama Hesta akamtazama juu chini. "Huyu bwana anapea kondoo sukuma," akaniambia kwa Kiswahili, kama mtu aliyeona dhambi. Nikalazimika kumtafsiria. Mzee yule, ambaye ndiye Jefri, alitoa kofia, akajikuna, akasema katika maisha yake yote hajawahi kulaumiwa kwa kuwalisha kondoo vizuri. Akaniruhusu nichume ninavyotaka. Nilimpelekea bakuli la sukuma iliyokaangwa na vitunguu, akaila kwa adabu. Nilisikia baadaye akimwambia Marioni mbele ya kanisa, "Si mbaya. Lakini sasa nawaonea wivu kondoo wangu."

Jefri ndiye aliyekuwa mkuu wa kengele. Na kengele ndiyo iliyonitia aibu ya kwanza. Kanisani kwetu upande wa Bungoma, kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa juu ya mti, na ikipigwa siku isiyo ya ibada maana yake ni moja tu. Basi jioni ya Jumatano moja, kengele za kijiji zikaanza kulia, si moja, nyingi, zinakimbizana. Nikasema ee Mungu, amekufa mtu mkubwa. Nikamwomba Mama Hesta asiondoke kitini, nikajifunga leso kiunoni na nyingine mabegani, nikapita katikati ya makaburi mbio nikiwa tayari nimeanza kulia, maana hupaswi kufika msibani na macho makavu. Nikasukuma mlango. Ndani kulikuwa na watu sita wamevaa sweta, wanavuta kamba, na sahani ya biskuti juu ya kiti. Kando yao alikuwa yule mtu wa mawe, shujaa wao wa kale aliyechongwa amelala chali juu ya kaburi lake, mikono imeunganishwa, mbwa wa mawe miguuni.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Wakaachilia kamba mmoja mmoja. "Hakuna aliyekufa," Jefri akasema. "Tunafanya mazoezi."

Nilidhani wanafanya mazoezi ya msiba. Waliponielewa, kuna mmoja aliyecheka na Jefri akamtazama mpaka akanyamaza. Alinifuta machozi kwa leso yake mwenyewe yenye harufu ya tumbaku, akanipa biskuti, akanionyesha kengele ndogo, ile ya kamba ya mwisho. "Vuta, halafu achia. Ukiing'ang'ania itakupeleka juu." Nikaivuta. Ikalia juu kabisa, peke yake. Nilirudi nyumbani na woga, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa nimepiga kengele na hakuna mtu aliyekuja.

Halafu zikaja bunduki. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, namwosha Mama Hesta uso, mlio ukatoka upande wa msitu, halafu mingine, mingi, karibu. Sisi watu wa upande wa Mlima Elgon tukisikia bunduki hatuulizi. Nilimtoa kitini nikamlaza sakafuni chini ya meza, nikalala juu yake, nikamziba mdomo kwa upole. Yeye akanong'ona kwenye kiganja changu, "Wamekuja?" Sijui ni kina nani aliokuwa akiwafikiria yeye, nami nilikuwa na wangu. Tulilala pale mpaka Marioni, aliyekuja kuazima kitu, akatuona kupitia dirishani. Walikuwa mabwana wanawinda ndege wanaofanana na kanga, kama wanavyofanya kila mwaka. Marioni alikaa sakafuni na sisi. Hakusema kitu cha kutucheka. Baadaye nilisikia kwamba alimwendea mwenye shamba kumwomba awe akinitumia habari kabla, na kweli tangu hapo nilikuwa naambiwa. Hata hivyo kila Jumamosi nilimkalisha mbali na dirisha.

Siku ya ukungu nilikuwa nimeanika shuka mbele ya jiko. Ukungu wa kule si kama wa Kitale unaoinuka saa nne ukakuachia jua. Ule uliingia asubuhi ukakaa, na baada ya chakula cha mchana hata ukuta wa makaburi haukuonekana. Mama Hesta alikuwa kitini, ananung'unika kwamba sukuma imeisha na Bwana, mumewe aliyekufa zamani, atarudi na njaa. Nikamwambia tutachuma kesho. Nilitoka nyuma kujaza ndoo ya makaa. Niliporudi mlango wa mbele ulikuwa wazi na ukungu unaingia ndani kama mgeni. Kiti kilikuwa bado na joto. Nikatafuta leso yangu kwenye msumari nijifunge nikimbie, sikuiona, nikakimbia bila.

Nilienda kwa Marioni, gari halipo. Niligonga mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Ndani ya nyumba moja niliisikia redio inaongea peke yake. Nilirudi nikapiga simu polisi, mama mmoja mwenye sauti nzuri akasema watatuma mtu lakini barabara imefungwa na ukungu, nisubiri. Nisubiri nini? Mzee wa miaka themanini na zaidi, na viatu vya ndani, na baridi ile, na giza kule huanza saa kumi jioni. Nilimwona tayari amelala chali kama yule mtu wa mawe. Na nilijiona mimi mwenyewe nimesimama mbele ya watu, msichana mweusi aliyeachiwa mama wa watu, naulizwa ulikuwa wapi. Nimejiuliza miaka hii yote ni kipi kilichonisukuma zaidi, kumpenda ama kuogopa kuulizwa. Nadhani vyote, na kipimo sikijui. Nilipita kati ya makaburi nikijikwaa, nikasukuma mlango wa kanisa, nikampita shujaa wa mawe bila kumtazama, nikashika kamba ya kengele ndogo.

Nilivuta, nikaachia, nikavuta. Nikasahau kuachia, ikaniinua juu ya vidole vya miguu, nikaachia. Nilikuwa napiga nduru pia, ile ya kwetu, sijui kama nilijua naipiga. Wa kwanza kuingia alikuwa Jefri, na viatu vya nyumbani, anahema. Hakuniuliza kwa nini nimegusa kengele. Aliniuliza lile swali langu.

"Nani amekufa?"

"Hajafa bado. Mama Hesta amepotea."

Na nyuma yake wakaja. Milango ile iliyokuwa haijibu ikafunguka, wakatoka watu ambao sikujua wanaishi pale, mzee na aproni, kijana na shavu lenye sabuni ya kunyolea, mwanamke na mtoto kiunoni, mtu wa tochi, mtu wa mbwa. Hakuna aliyebishana. Jefri akawapanga mstari, kila mtu aone tochi ya jirani yake, tukapanda upande wa kilima kwa sababu wote walijua mama alikipenda. Wakaanza kuita, "Hesta! Hesta!" Ukungu ulimeza jina. Tulipita ukuta, tukapita shamba la sukuma na kile kibanda cha bati, tukaenda juu, tukarudi. Mwanga ulikuwa unakwisha. Nilisikia wawili wakinong'ona nyuma yangu, mmoja akisema, "Kwa baridi hii, saa moja, labda mbili," na mwenzake akamwambia, "Shh, msichana anasikia."

Jefri akasimama. Akasema pengine turudi barabarani tungoje polisi na mbwa wao. Sikuwa na tabia ya kumjibu mzee. Lakini mdomo ulifunguka.

"Mnamwita vibaya."

"Vibaya vipi?"

"Kwetu ukiitwa jina na mtu usiyemwona, huitiki. Yaya wake alimfunza hivyo. Hataitika hata kama yuko hapa miguuni petu." Kiingereza changu kilikuwa kinavunjika kwa baridi. "Semeni hodi."

Wakanitazama. Nilijua wanaona nimechanganyikiwa, na mimi pia sikuwa na hakika kwamba sijachanganyikiwa. Jefri akakohoa, akageukia ukungu, akaweka mikono mdomoni.

"Hodi!"

Mwingine akaichukua, "Houdi!" na mwingine, "Hoodii!" na mwanamke mwenye mtoto, sauti nyembamba, "Hodi?" kama anauliza. Kijiji kizima, kwenye ukungu, kinabisha hodi kwenye mashamba matupu. Sijawahi kuogopa hivyo na kutaka kucheka hivyo kwa wakati mmoja. Tulishuka hivyo, tukibisha kila ukuta, kila kichaka. Na tulipokaribia shamba la sukuma, kutoka ndani ya kibanda cha bati tulichokwisha kukipita, ikatoka sauti ndogo yenye hasira.

"Karibuni. Lakini pangusa miguu."

Alikuwa ameketi juu ya nyasi kavu katikati ya kondoo, midomo ya buluu, na leso yangu mapajani imejaa sukuma. "Yaya, umekawia," akasema. "Watu wamepita hapa wakipiga kelele jina langu kama askari wa kodi. Nikanyamaza kabisa." Jefri alikuwa amekwisha kuvua koti lake na kumfunga nalo. Akaniuliza amesema nini. Nikamweleza. Alitazama zile mboga, akatazama kondoo wake. "Mwambie," akasema, "kondoo wamekubali."

Tulimrudisha kwa trela ya trekta, mimi nimemkumbatia. Nisiseme kwamba tangu hapo kila kitu kilibadilika, maana si kweli. Jumapili iliyofuata nilisikia nje ya kanisa bwana mmoja akisema kwamba mnara lazima utiwe kufuli, kwamba kengele si kitu cha kuchezewa, na kwa haki yake, kamba ile ingeweza kunivunja shingo. Jefri akamjibu, "Kufuli? Na siku ya pili atatuitaje?" Kufuli haikuwekwa. Mapazia mengi yaliendelea kutikisika bila mtu kutoka. Lakini Marioni aliacha kunipangia siku. Alikuja kwenye mlango wa nyuma, akaita hodi, akaingia.

Mama Hesta aliondoka mwaka uliofuata, kiangazi chao, mchana, jua limejaa chumbani. Nilikuwa namenya viazi kando ya kitanda. Alikuwa hajasema neno tangu jana yake. Akafungua macho, akatazama mahali pasipo na kitu, akasema taratibu, kwa heshima, kama mtoto aliyetumwa kwa jirani, "Hodi?" Nikashika kisu hewani. Niliogopa kuitika, maana sikujua anabisha mlango wa nani. Akangoja kidogo. Halafu uso wake ukalegea, kama mtu aliyeambiwa karibu. Nilikaa naye kwanza. Kisha nikaenda kumwita Jefri, na safari hiyo kengele ndogo ilipolia sikuuliza.

Alhamisi simu ililia nikiwa bado na Nasimiyu, alikuwa ameongeza siku kwa ajili yangu ingawa alisema ni kwa ajili ya mvua. Niliiweka juu ya kigoda, sauti wazi. Kwanza ulikuja upepo, halafu miguu ya watu kwenye kokoto, halafu ile kengele ndogo, peke yake, palepale jikoni kwangu. Nikajikuta nimesimama, ungo umeanguka, maharagwe yamemwagika mpaka kwa kuku.

"Keti wewe," Nasimiyu akasema. "Ni simu tu."

Lakini kengele ikilia mtu haketi. Nilijifunga leso kiunoni na nyingine mabegani, nikatoka mpaka getini nikasimama. Nasimiyu akanung'unika, akachukua simu, akaja nayo akasimama kando yangu. Mama Fatuma, jirani yangu anayekaa karibu na msikiti, alikuwa anatoka sokoni na kikapu chake. Akaniona nilivyojifunga, akapunguza mwendo.

"Pole, mama," akasema. "Nani amekufa?"

"Mzee mmoja wa mbali," nikamwambia. "Niliita, akaja."

Hakuuliza wapi, wala lini. Aliweka kikapu chini, akasimama nasi.